Nyuma ya Mama Mkwe, Njia ya Samuye

Mke wangu ndiye aliyenijazia fomu, na hakuniuliza. Nilikuwa Geita, mbele ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu ambayo mimi ndiye fundi wake, na ambayo ikizimika watu wote mgodini wanakutazama kama umeua mtu. Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulisema: "Baba watoto, Jumamosi ijayo unaendesha baiskeli. Namba yako ninayo."

Nikatoka nje ya kelele, nikampigia.

"Baiskeli ya nani?"

"Utaazima."

"Naipeleka wapi?"

"Samuye na kurudi."

Samuye ndiko alikozaliwa yeye. Kutoka Shinyanga mjini unapita Ibadakuli, unauacha uwanja wa ndege, unaendelea na lami na mashamba mpaka unafika. Kwa pikipiki ni safari ya mazungumzo mawili matatu. Kwa baiskeli sikuwahi hata kufikiria.

Sababu yake niliijua. Mke wangu ni muuguzi. Mwezi uliotangulia, nilipokwenda nyumbani Shinyanga, alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkono wa kushoto, akatazama, akanyamaza, akakifungua akakifunga mkono wa kulia, kana kwamba wa kushoto umemdanganya. Muuguzi akinyamaza ni afadhali angepiga kelele. Siku hiyohiyo chumvi ilihama kutoka mezani kwetu. Tumbo nalo, kusema kweli, lilikuwa limeanza kunitangulia kuingia milangoni.

Matembezi hayo ya baiskeli yalikuwa ya watu wote. Tangazo lilibandikwa mpaka kwenye mti wa kijiwe cha bodaboda: mwendesha baiskeli wa mashindano aje, mzee aje, mama wa sokoni aje, asiyeona aje na mtu wa kumwongoza, mwenye ulemavu wa miguu aje na baiskeli yake ya miguu mitatu. Njia fupi inageuzia Ibadakuli, ndefu inafika Samuye. Hakuna mshindi, kila anayemaliza anapewa medali. Nikajiambia, jambo lisilo na mshindi halina wa kushindwa pia. Nikaazima baiskeli kwa jamaa yangu mmoja wa Geita, ya giya, matairi membamba kama mjeledi. Akanipa na helmeti, na kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli. "Bila hiyo," alisema, "siti itakufanya usikae wiki nzima." Baiskeli ikapanda juu ya basi, kaptura ikapanda kwenye begi, tukaja Shinyanga.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima niseme jambo kuhusu mimi na mama mkwe.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Kwetu mkwe anaingia, anasalimia, anakaa, anakula, na akishiba anabishana na mama mkwe kuhusu mpira. Kwa Wasukuma siyo. Kwao mkwe wa kiume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamli pamoja, na mkikutana njiani kila mtu anatafuta upande wake wa kichaka. Hayo sikuambiwa. Au niliambiwa sikusikia, maana nilikuwa bwana harusi. Siku ya kwanza kufika Samuye nilishuka kwenye pikipiki, nikamwona mama kasimama uani na ungo wake, nikapanua mikono yote miwili, nikamkumbatia.

Ungo ulianguka. Hata kuku walinyamaza. Mama akachoropoka kama samaki, akaingia ndani, na mjomba wa mke wangu akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya zizi kunieleza nilichofanya. Alieleza kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo, miaka sita, nikienda Samuye nachuchumaa penye uzio, nasalimia hewa, na sauti yake inaitikia kutoka nyuma ya jiko. Chakula kinaletwa na wengine. Ugali wake nilikuwa naujua kuliko uso wake. Tuliheshimiana kiasi cha kutoonana.

Asubuhi ya matembezi kulikuwa na baridi ile ya msimu wa pamba, na upepo unaokuingia kwenye mikono ya shati. Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na vijana wa baiskeli nyepesi wanaonyoosha miguu kama wanataka kuing'oa. Kulikuwa na mwalimu mstaafu mwenye kengele tatu. Kulikuwa na marafiki wawili kwenye baiskeli ya watu wawili, wa nyuma haoni, naye ndiye aliyekuwa akimgombeza wa mbele: "Weka simu mfukoni, tazama mbele!" Nikafungua koti langu kidogo, nikajitazama kwenye ile kaptura, nikalifunga tena.

Ndipo nilipoona mgongo ninaoujua. Migongo ndiyo niliyozoea kuiona Samuye, ikiondoka. Khanga mbili, kilemba, katambuga miguuni, na baiskeli nyeusi ya zamani yenye keria pana nyuma. Kati ya mabega kulikuwa na karatasi ya namba, imebanwa kwa pini nne.

Nikajificha nyuma ya gari la wagonjwa. Mke wangu alikuwa hapo, zamu ya huduma ya kwanza, anapanga bandeji.

"Mama yako yuko hapa," nikamwambia.

"Najua."

"Na baiskeli."

"Ulitaka aje na ndege? Si shughuli ya baiskeli hii?"

"Amekujaje kutoka Samuye?"

"Kwa hiyohiyo. Ametoka alfajiri."

Nikapiga hesabu. Ametoka Samuye kuja mjini, atakwenda Samuye, atarudi mjini, kisha ataendesha kwenda kwake Samuye. Mimi mazoezi yangu yote yalikuwa kuzunguka kambi ya mgodi jioni tatu.

"Sasa nitampitaje mbele mama yako, na nguo hii?"

Mke wangu akaitazama kaptura, akauma mdomo. "Barabara ni pana, baba watoto," alisema, akaenda kumfunga bandeji mtu aliyekuwa ameanguka kabla hata ya kuanza.

Nikapanga mpango wangu. Nitasubiri watu wote waondoke, na mama akiwamo, nimwache afike mbali, ndipo nianze. Filimbi ikapigwa. Wakaondoka vijana, wakaondoka wazee, ukaondoka umati wote kwa kengele na vigelegele. Mama mkwe hakuondoka. Alikuwa anakaza mpira kwenye keria. Akaufungua, akaukaza upya. Akatazama angani. Nami nikajifanya nakagua breki. Uwanja ukabaki na sisi wawili, wafagiaji, na mbwa mmoja. Mwishowe aibu ikanizidi, nikapanda baiskeli nikatoka. Papo hapo, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, naye akaingia barabarani mbele yangu.

Hivyo ndivyo safari yangu ilivyoanza.

Nilijaribu kukaa mbali. Nikipunguza mwendo, naye alikuwa anapunguza. Nikisimama kunywa maji, alikuwa anateremka kutazama tairi lake, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Kumpita sikuweza. Kumpita mama mkwe bila neno ni utovu wa adabu, na kumpita kwa neno ni utovu mwingine. Juu ya hayo, ukimpita mtu kwa baiskeli unamwonyesha makalio yako kwa muda mrefu, na yangu siku hiyo yalikuwa yamebanwa na kitambaa kinachong'aa. Nikavua koti nikalifunga kiunoni. Upepo ukalipeperusha.

Tulipofika nje kidogo ya mji nikasikia sauti ubavuni. "Kaka, giya zote hizo na unakwenda kama unasindikiza maiti?"

Alikuwa dada mmoja wa rika langu kwenye baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Miguu yake ilikuwa imekunjwa vizuri chini ya kitenge. Polio ilimpata utotoni, aliniambia baadaye bila kuulizwa, kama mtu anayetaja kabila lake. Ni fundi cherehani sokoni, anashona sare za shule, na mabega yake yalikuwa mapana kuliko yangu.

"Yule mbele ni mama mkwe," nikamnong'oneza.

Akamtazama mama. Akanitazama mimi. Akaitazama kaptura. Alicheka mpaka mikono ikaachia pedeli na baiskeli ikaanza kwenda yenyewe.

"Dada, nisaidie," nikasema. "Niombee njia."

Akazungusha mikono, akamfikia mama. Niliwaona wanasalimiana, shikamoo na marahaba, na habari za nyumbani, na za mifugo. Hakuna haraka. Kisha akapunguza mwendo mpaka nikamfikia.

"Anasema njia ni ya serikali."

"Maana yake nipite?"

"Sijui. Ila kwetu Kahama ukijibiwa hivyo unakaa ulipo."

Nikakaa nilipo. Na nikiri kwamba, baada ya muda, mwendo ule ulianza kunipendeza. Magari ya pamba yalikuwa yamepita usiku, na kando ya lami vipande vyeupe vilinasa kwenye majani kama mtu kamwaga povu. Mbuzi walitutazama. Fundi cherehani alinisimulia habari za wazazi wanaoleta mtoto apimwe sare na kusema "iache kubwa, atakua", na mtoto anamaliza darasa la saba hajaifikia. Mbele yetu ile karatasi ya namba ilipanda na kushuka, polepole, bila kuyumba hata kidogo.

Ibadakuli watu wengi wakageuza. Walikuwapo vijana wa kujitolea wenye vizibao vya rangi ya machungwa, nao wakamwendea fundi cherehani. "Dada, wewe geuzia hapa. Mbele ni mbali, na kuna upepo."

"Mikono ni ya nani?" akawauliza.

"Ni yako, dada."

"Basi."

Akaniambia tulipowaacha: "Samuye nimepita mara nyingi. Nimepita nimebebwa, nimepakiwa kwenye gari la mtu, nachungulia dirishani. Leo nataka kufika."

Upepo ulikuwapo kweli, tena wa uso kwa uso. Baadaye kidogo barabara inapanda. Ukiwa kwenye gari huwezi hata kuujua mwinuko ule. Fundi cherehani aliujua kabla yetu. Mikono ilizunguka, ikazunguka kwa shida, ikasimama, na baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Kabla sijafikiri la kufanya, mama mkwe alikuwa ameteremka, kageuka bila kuinua macho, kaja na baiskeli yake mkono mmoja, na mwingine kalishika bomba la nyuma la ile ya miguu mitatu, upande wa kulia. Akaegemeza uzito. Upande wa kushoto ukabaki wazi.

Sikuwa na la kujiuliza. Nikateremka, nikashika kushoto.

Hatukutazamana. Mimi nilitazama mtaro, yeye alitazama mashamba, na kati yetu kulikuwa na kisogo cha fundi cherehani. Lakini sijawahi kuwa karibu na mama mkwe namna ile tangu siku ya ungo. Nilisikia pumzi yake, pumzi ya mtu anayepalilia shamba kila mwaka wa maisha yake. Yangu ilikuwa kama ya ng'ombe aliyekwama kwenye tope.

"Jamani," fundi cherehani akasema bila kugeuka, "mnaheshimiana sana, nashukuru, lakini kila mtu anasukuma kwa wakati wake. Mnanipeleka mtaroni. Hesabuni basi!"

Mama akaanza, kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma: "Imo, ibili, idatu." Moja, mbili, tatu. Kwenye "idatu" nikasukuma. Akahesabu tena, nikasukuma tena. Tulipanda hivyo mpaka juu. Kufika kileleni fundi cherehani akaachia breki, akateremka upande wa pili akipiga kelele za furaha. Mama akapanda baiskeli yake akamfuata. Mimi nilibaki kidogo nimeinama, mikono magotini.

Samuye ilikuwa imejipanga kando ya barabara. Nadhani kijiji chote kilikuwa kimesikia kwamba mama fulani amekwenda mjini kupewa namba. Alipotokea, vigelegele vikapaa. Kisha wakaniona mimi nyuma yake, na kicheko kikafuata palepale.

"Mkwe!" mzee mmoja akaniita kutoka kibarazani. "Unamkimbiza, au anakukimbia?"

"Nasindikiza tu, baba, shikamoo!"

"Marahaba! Sindikiza kwa mbali!"

Tulipogeuzia kulikuwa na meza ya maji na ndizi. Fundi cherehani alisimamisha baiskeli yake kwenye mstari wenyewe, akaweka mikono mapajani, akatazama huku na huku, nyumba, mnada wa mbuzi, watoto waliomzunguka wakigusa magurudumu yake. Nikamletea ndizi, akaila taratibu.

Mama mkwe hakugusa maji. Aliikata barabara, akashika kijia cha kwake, nikamwona kwa mbali uani akiinama juu ya mkeka. Alikuwa anageuza karanga zake zilizoanikwa.

"Nenda sasa!" fundi cherehani akanisukuma kwa ganda la ndizi. "Njia iko wazi!"

"Na wewe?"

"Mimi napumzika. Nitarudi kwa mikono yangu, nikitaka. Nenda, kaka, usije ukazeeka hapa."

Nikaondoka. Na hapo, jamani, nikawa mwehu. Upepo sasa ulikuwa mgongoni, mbele yangu hakuna mama wa mtu, na baiskeli ile ilikuwa na giya ambazo sikuwa nimezigusa tangu asubuhi. Nikazigusa zote. Nikainama kama wale vijana. Nikawapita wawili. Nikampita mwalimu mstaafu na kengele zake, akanipigia zote tatu. Nilijiona nina miaka ishirini. Kichwa kikaanza kugonga, nikakidharau. Masikioni kukawa na mlio kama wa karasha, nikasema ni upepo.

Mwiba wa mgunga ndio ulionisimamisha. Tairi la nyuma likatoa pumzi, shii, na baiskeli ikawa nzito. Nilipoteremka ndipo nikajua kwamba si tairi peke yake lililoishiwa. Vitone vyeupe vilipita machoni, na moyo ulikuwa unapiga shingoni. Nikakaa chini kando ya lami. Niliowapita wakanipita, mmoja mmoja, wakiniuliza kama niko salama. Nikawapungia mkono. Chupa yangu ilikuwa tupu.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia mlio wa cheni ninaoujua, wa taratibu ila safari hii si wa taratibu sana. Mama mkwe aliteremka, jasho likimtiririka, akasimamisha baiskeli yake hatua kadhaa kutoka nilipo. Akatazama shamba la pamba lililokuwa mbele yetu. Nami nikatazama lilelile. Hakukuwa na mtu mwingine, fundi cherehani alikuwa mbali, na neno halikuwa na wa kulibeba.

Mama akaitazama baiskeli yangu iliyolala.

"Wewe baiskeli," akasema, "mwenyewe ana maji?"

Niligeuka nyuma kuona anasema na nani. Kisha nikaelewa.

"Wewe baiskeli," nikajibu, "maji yamekwisha."

Akafungua chupa yake, akaiweka juu ya lami, akarudi nyuma hatua tatu. Nikaifuata, nikanywa.

"Wewe baiskeli, mwenyewe moyo unapigaje?"

"Wewe baiskeli, umeanza kutulia."

"Haya." Kisha maneno yakamtoka yote kwa mara moja, kwa Kiswahili chake kinachotembea kwa hatua za Kisukuma. "Binti yangu ameniambia, mama, huyu ana presha. Mama, kaa mbele yake. Anakuheshimu, hatakupita. Ukienda polepole na yeye atakwenda polepole. Nimetoka kwangu alfajiri kwa kazi hiyo. Nimegeuza karanga kidogo tu, karanga kidogo! Nainua kichwa, hayupo. Mbio kama mwizi! Wewe baiskeli, nani alikutuma ukimbie hivyo?"

Nikaitazama baiskeli, kana kwamba ndiyo yenye kosa.

Nilikuwa nimekaa pale chini, nimeshika chupa ya mtu, na masikio yananiwaka moto. Asubuhi yote nilijiona mimi ndiye ninayebeba mzigo: nampa nafasi mama, namstahi mama, navumilia mwendo wa mama. Kumbe mwenye kubeba alikuwa yeye. Ule mkono kwenye keria pale uwanjani, lile tairi lililokaguliwa mara tano, njia ya serikali. Angeweza kuniacha akawa Samuye anakunywa uji kabla sijafika Ibadakuli. Mwanamke wa umri ule alikuwa ameamka gizani akaendesha njia nzima kuja kunipunguza mwendo.

"Wewe baiskeli," nikasema, "mwambie mama, nashukuru."

"Wewe baiskeli, lala vizuri nikuone mguu."

Nikailaza vizuri. Akatoa kifuko kwenye keria: vijiko viwili vya bati, kipande cha mpira, chupa ndogo ya solusheni, msasa. Akachuchumaa upande wa nyuma, mimi upande wa mbele. Mimi ni fundi, mashine nilizozifungua ni nzito kuliko nyumba, lakini pancha ya baiskeli sikuwahi kuziba mwenyewe. Aliingiza mipini ya vijiko akaung'oa mpira kama mtu anayemenya chungwa. Akausogeza shavuni kusikilizia upepo unatokea wapi, akapapata, akaweka kidole. Nikashika pale alipoonyesha. Nikapewa msasa.

"Wewe baiskeli, asikwaruze sana. Si sufuria hiyo."

Nikapunguza. Solusheni ikapakwa, tukasubiri ikauke, na kusubiri solusheni ikauke na mama mkwe wako ni kusubiri kurefu sana. Ndipo nikapata ujasiri.

"Wewe baiskeli, mwambie mama, siku ile ya kwanza sikujua. Nisamehewe."

Akabandika kiraka. Akakikandamiza kwa dole gumba, kwa nguvu, kwa muda. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Aliyekasirika ni mjomba," akasema, na safari hii alisahau kuitaja baiskeli. "Mimi niliingia ndani nikacheka mpaka nikaketi juu ya magunia. Mume wangu, miaka yote tuliyokaa, hajanikumbatia mbele ya kuku." Akakumbuka, akageukia tairi haraka. "Wewe baiskeli, pampu iko kwenye fremu."

Nikaenda kuichukua pampu kabla sijacheka mbele yake.

Mpaka mjini alikaa mbele, nikakaa nyuma, na mwendo ulikuwa wake. Tulifika wakati vijana wa kamati wanakunja viti. Tulivikwa medali zetu mmoja upande huu wa hema, mwingine upande ule. Mke wangu alinishika mkono kunipima mapigo huku akijifanya ananisalimia, nami nikamtazama kwa namna ambayo alijua kwamba najua. Akatazama pembeni.

"Mmezungumza nini njia nzima?" akamuuliza mama yake.

"Tuzungumze nini?" mama akasema. "Huyo ni mkwe wangu. Hatuzungumzi."

Karibu saa nzima baadaye, maturubai yameshashuka, spika zimefungwa, mtu akapiga kelele. Fundi cherehani alikuwa anaingia uwanjani. Gari la kuokota wachovu lilimfuata nyuma polepole, nasikia alilikataa mara nne. Mikono ilikuwa inazunguka kidogo, inapumzika, inazunguka tena. Wafagiaji waliweka mafagio chini. Mama mkwe ndiye aliyeanza vigelegele, na alivipiga kwa muda mrefu kuliko vya kwake alivyopigiwa Samuye.

Tulimwambia mama alale kwetu, au angalau baiskeli ipakiwe kwenye gari. Akauliza kama karanga zitajianua zenyewe. Akafunga fulana ya zawadi kwenye keria, medali ikiwa shingoni juu ya khanga, akaondoka.

Mimi nilifika nyumbani kwa bajaji. Watoto waligombania medali yangu mpaka utepe ukakatika. Nilioga kwa shida, nikajitupa kitandani mguu mmoja ukabaki chini, na sikuwa na nguvu za kuupandisha. Mke wangu aliingia na simu sikioni, anacheka, anaitikia kwa Kisukuma. Mama amefika, alisema, na sasa hivi hayupo nyumbani, amepita kwa jirani kumsaidia kuchambua pamba.

"Nipandishie mguu," nikamwambia.

Akanipandishia.